Mali ya Nani? Mabishano ya Watunga Programu tangu Barua ya 1976

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama historia ya mashine: uzito wake, kasi yake, bei yake, na majina ya makampuni yaliyoiuza. Watu wanaoitungia mashine hiyo maagizo, yaani watunga programu, hutajwa pembeni, kana kwamba kazi yao ilikuwa kutii tu. Lakini watu hao wamebishana hadharani kwa zaidi ya nusu karne juu ya mwenendo wa biashara yao, na mabishano hayo yameacha maandishi mengi: barua, taarifa za vyama, makala ya majarida na hati za mahakama. Miongoni mwa maswali yaliyowagawanya, hakuna lililodumu kuliko lile la umiliki. Je, programu ni bidhaa kama viatu, ambavyo kila jozi hulipiwa, au ni maarifa kama hesabu, ambayo aliyefundishwa huweza kumfundisha mwenziwe bila kumlipa mtu?

Hapana budi kueleza kwanza jambo moja la kiufundi, maana pasipo hilo ugomvi wote haueleweki. Programu ina sura mbili. Sura ya kwanza ni matini anayoandika mtunzi kwa lugha maalumu, yenye msamiati na sarufi yake. Mtu mwingine aliyejifunza lugha hiyo huweza kuisoma, kuikosoa na kuirekebisha. Sura ya pili ni matini ile ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine. Kompyuta huitekeleza mara moja, lakini binadamu hawezi kuisoma ila kwa taabu kubwa. Anayeuza sura ya pili na kuificha ya kwanza humpa mnunuzi sanduku lililofungwa, na ufunguo hubaki kwa muuzaji. Hapa sura ya kwanza itaitwa matini asilia.

Katika miaka ya 1950 na 1960 swali la umiliki halikuwa na uzito. IBM, iliyotawala soko la Marekani, ilikodisha mashine zake kwa bei iliyokwisha kujumlisha programu, mafunzo na matengenezo. Mwaka 1955 watumiaji wa mashine ya IBM 704, wengi wao wakitoka katika viwanda vya ndege vya kusini mwa California, waliunda chama kilichoitwa SHARE, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kugawana. Makampuni yaliyoshindana vikali katika kuuza ndege yalibadilishana programu bila kudaiana, kwa kuwa kila moja lilichoka kuandika upya kile ambacho jirani alikwisha kuandika. Huo haukuwa ukarimu, ilikuwa hesabu.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwezi Oktoba 1968 wataalamu wapatao hamsini walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa mwaliko wa kamati ya sayansi ya NATO, wakaungama kwamba programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi bajeti, na zikitolewa zikiwa na makosa mengi. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Juni 1969, IBM ilitangaza kwamba itaanza kutenganisha bei: mashine peke yake, na baadhi ya programu peke yake. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuishtaki kampuni hiyo kwa ukiritimba mwezi Januari, na wanahistoria wanabishana kama tangazo lile lilitokana na hofu ya mahakama au na gharama za utungaji zilizokuwa zikipanda. Vyovyote iwavyo, tangu hapo programu ilipata bei yake yenyewe. Kitu chenye bei huweza kuibwa. Na hapo ndipo ugomvi ulipopata mlango.

Mlango huo ulifunguliwa na mashine ndogo. Mwezi Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilitangaza kompyuta iitwayo Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, New Mexico. Iliuzwa kwa vipande, chini ya dola 400, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na swichi na taa tu. Tarehe 5 Machi mwaka huo, wapenzi wa vyombo hivyo walikutana katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Walikuwa mafundi, wanafunzi, wahandisi, na watu wachache waliotoka katika harakati za kupinga vita vya Vietnam. Katika mikutano yao mtu alionyesha alichokiunda, kisha akagawa michoro yake kwa kila aliyeitaka.

Bill Gates na Paul Allen waliandika kwa ajili ya Altair programu ya kufasiri lugha ya BASIC, wakisaidiwa na Monte Davidoff, na MITS ikapewa haki ya kuiuza. Bei yake ilikuwa na mtego. Aliyenunua pia kadi za kumbukumbu za MITS, ambazo zililalamikiwa sana, aliipata kwa punguzo kubwa. Asiyezinunua alidaiwa dola 500, yaani zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Steven Levy, katika kitabu chake cha 1984 juu ya watunga programu wa Marekani, amesimulia yaliyofuata. Mwezi Juni 1975 MITS ilionyesha mashine yake katika hoteli moja mjini Palo Alto, na hapo utepe wa karatasi uliotobolewa tundu, wenye programu ile, ukatoweka. Muda si mrefu nakala zake zikagawiwa katika mkutano wa chama, kwa sharti moja: achukuaye nakala moja arudishe mbili.

Jibu la Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, ni barua ya wazi ya tarehe 3 Februari 1976, iliyochapishwa katika taarifa za vyama vya wapenzi wa kompyuta. Hoja zake zilikuwa za mhasibu. Walioinunua programu, alisema, hawakufikia asilimia 10 ya wenye Altair. Muda wa kompyuta uliotumika katika kuitunga ulikuwa na thamani iliyozidi dola 40,000. Malipo yaliyopatikana, yakigawanywa kwa saa za kazi, yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Kutokana na hesabu hiyo akawaita wasomaji wake wezi, akauliza ni nani atakayekubali kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira, na akadai kwamba tabia yao inazuia programu nzuri zisiandikwe.

Ni haki kusema kwamba barua hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Kazi ilikuwa imefanyika, tena kazi ngumu: kubana fasiri nzima ya lugha katika kumbukumbu ndogo kuliko ukurasa wa picha wa siku hizi. Waliochukua nakala walijua kwamba haijalipiwa. Lakini walioijibu hawakukosa la kusema, na majibu yao yanastahili kusomwa kwa makini kuliko yanavyosomwa kwa kawaida, kwa sababu hayakuwa kelele za watu waliokamatwa.

Wengine walikataa kuitwa wezi kwa jumla, wakasema kwamba mwandishi hakuwajua. Hal Singer, mhariri wa Micro-8 Newsletter, aligusa palipouma zaidi: ilisemekana kwamba programu ile ilitungwa kwa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyogharimiwa na fedha za serikali, ikiwa ndivyo, je, ni halali kuuza matokeo yake? Kuna jambo la tatu ambalo barua ya Gates haikuligusa. Lugha ya BASIC haikuwa yake. Ilibuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, ili wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kuitumia kompyuta, na walioibuni waliiacha itumiwe na kila mtu. Aliyedai ujira wa nyumba alikuwa ameijenga juu ya kiwanja alichopewa bure.

Jibu lililozaa matunda, hata hivyo, halikuwa la maneno. People's Computer Company, kikundi cha elimu cha Menlo Park, kilikuwa kimekwisha kuwaalika wasomaji wake waandike BASIC ndogo kwa mpango uliochorwa na Dennis Allison. Waliitikia wengi, na mwezi Januari 1976 likazaliwa jarida la Dr. Dobb's Journal ili kuchapisha matini asilia za programu hizo. Tom Pittman aliuza ya kwake kwa dola 5. Li-Chen Wang, aliyeandika nyingine, alibadilisha kwa mzaha tamko la kawaida la haki miliki, akaandika kwamba makosa yote, si haki zote, yamehifadhiwa. Mhariri Jim Warren akatoa hoja yake kwa sentensi fupi katika jarida la wataalamu: programu ikiwa ya bure, au ya bei ndogo kiasi kwamba kulipa ni rahisi kuliko kunakili, haitaibwa. Pande mbili zilikuwa zimekwisha kujipanga. Gates aliandika barua ya pili mwezi Aprili, akiwa amepunguza ukali, kisha akanyamaza.

Sheria ilisimama upande wake. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya haki miliki ili iitaje programu waziwazi. Katika muongo uliofuata makampuni yalifunga matini asilia, na watunga programu walioajiriwa walitakiwa kutia sahihi ahadi za kutozifichua.

Ahadi moja ya namna hiyo ilileta mgeuko mkubwa. Richard Stallman alifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, ambako mashine ya zamani ya kuchapa ilikuwa imerekebishwa na wafanyakazi wenyewe ili itoe taarifa karatasi inapokwama. Xerox ilipowapa mashine mpya ya leza, ilikuja bila matini asilia, na marekebisho yale hayakuwezekana tena. Stallman alimwendea mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na matini hiyo, akanyimwa: mwenzake alikuwa ametia sahihi ahadi. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, GNU, utakaokuwa huru kwa wote. Januari 1984 akaacha kazi yake MIT ili chuo kisiudai mfumo huo.

Mchango wake mkubwa zaidi huenda si programu bali ni hati ya kisheria. Leseni ya GPL, iliyotolewa 1989, haikuikataa haki miliki, iliipindua. Mtunzi anabaki mwenye mali, na kwa mamlaka ya mali hiyo anamruhusu kila mtu kuisoma, kuinakili, kuibadilisha na hata kuiuza, kwa sharti kwamba akimpa mwingine programu hiyo ampe na matini asilia pamoja na ruhusa zile zile. Sharti la utepe wa Palo Alto, chukua moja rudisha mbili, lilikuwa sasa limeandikwa kwa lugha ya mawakili.

Katika mabishano haya utabiri wa wajuzi haukutegemeka sana. Mwezi Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam na mwandishi wa vitabu vilivyofundishia vizazi vya wanafunzi, alitangaza kwamba Linux, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, imekwisha kupitwa na wakati kwa muundo wake. Torvalds alijibu kwa ukali wa kijana. Kwa upande wa nadharia profesa alikuwa na hoja nzito, na wataalamu wengi walimwunga mkono. Lakini mwaka huo huo Torvalds aliiweka Linux chini ya leseni ya GPL, na jambo hilo lilikuwa na nguvu kuliko muundo: mamia, kisha maelfu ya watu wasiojuana waliweza kuirekebisha. Leo Linux ndiyo inayoendesha kompyuta kubwa za sayansi, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa katika masoko ya Goma na Lubumbashi.

Mgawanyiko wa mwaka 1998 unawahusu wanaisimu moja kwa moja, maana ulianzia katika neno. Tarehe 22 Januari kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itatoa matini asilia ya programu yake ya kutembelea intaneti. Tarehe 3 Februari, miaka ishirini na miwili kamili baada ya barua ya Gates, watu wachache walikutana Palo Alto kutafuta jina litakalowavutia wafanyabiashara. Neno la Kiingereza free, alilolitumia Stallman, lina maana mbili, ya bila malipo na ya bila minyororo, na wenye makampuni walisikia ile ya kwanza tu. Christine Peterson akapendekeza jina jipya lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Stallman alilikataa. Kwake hilo halikuwa badiliko la jina bali la imani: chanzo wazi ni sifa ya utengenezaji bora, uhuru ni haki ya mtumiaji.

Utata huo ni wa Kiingereza zaidi kuliko wa mambo yenyewe. Msomaji wa Kongo aliyesoma kwa Kifaransa hutenganisha libre na gratuit bila kufikiri, na Kiswahili kina huru upande mmoja na bure upande mwingine. Zaidi ya hayo, Kiswahili kinalionea neno bure shaka: kazi bure ni kazi isiyo na faida, na maneno bure ni ya kupoteza wakati. Anayeiita programu ya Stallman ya bure ameishusha hadhi kabla ya kuieleza. Istilahi iliyoenea Afrika Mashariki, programu huria, imeikwepa hatari hiyo, lakini imejiingiza katika ujirani wa ajabu, kwani kivumishi hicho hicho ndicho kilichopewa soko wakati Tanzania ilipoachana na uchumi wa dola. Soko huria na programu huria si ndugu. Baadhi ya wapiganiaji wa la pili wamekuwa wapinzani wa la kwanza.

Uzito wa jambo hili kwa Kiswahili ulionekana Dar es Salaam. Mwaka 1999 Sun Microsystems ilinunua kampuni ya Kijerumani iliyotengeneza StarOffice, na mwaka 2000 ikatoa matini asilia yake kwa jina la OpenOffice. Kwa kuwa leseni iliruhusu mabadiliko, kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kiliweza kuyageuza maneno yote ya programu hiyo kuwa ya Kiswahili. Matokeo yakatolewa 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Baadaye Microsoft nayo ikatoa programu zake za ofisi kwa Kiswahili. Tofauti ya njia hizo mbili si ya ubora wa tafsiri. Katika ile ya pili, lugha iliingia kwa idhini ya kampuni iliyoona soko. Katika ile ya kwanza, lugha iliingia kwa sababu watu wa lugha hiyo waliamua. Msomi wa Lubumbashi asiyeridhika na istilahi za Dar es Salaam, akiona kwamba mwanafunzi wa Katanga hazielewi, angeweza kuzibadilisha na kutoa toleo lake bila kumwomba mtu ruhusa. Lugha isiyo na wanunuzi wengi haina mlango mwingine.

Baada ya 2010 ilionekana kana kwamba ugomvi umekwisha. Microsoft, ambayo mkuu wake Steve Ballmer aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001, ilijiunga na shirika la Linux Foundation mwaka 2016, na mwaka 2018 ikainunua kwa dola bilioni 7.5 GitHub, ghala kubwa ambamo mamilioni ya watunga programu huhifadhi matini asilia zao. Wengine walishangilia kama washindi. Wengine walihamisha kazi zao siku zile zile.

Mwezi Juni 2021 GitHub ilitangaza Copilot, chombo cha akili bandia kinachomwandikia mtunga programu mistari inayofuata. Kilikuwa kimefunzwa kwa matini zilizowekwa hadharani na watu wa nchi zote, na kuanzia 2022 kikauzwa kwa dola 10 kwa mwezi. Waliokipenda walisema kwamba kinajifunza kama mwanafunzi anavyojifunza kwa kusoma, na kwamba msomaji hadaiwi. Waliokipinga walisema kwamba leseni zao zilimtaka kila anayetumia kazi yao ataje jina la mtunzi, na nyingine zilimtaka arudishe alichokiongeza. Mashine haikutaja wala haikurudisha. Ni vigumu kuusoma ugomvi huu bila kuona kwamba pande zimebadilishana viti. Mwaka 1976 kijana wa Albuquerque aliwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kuchukua matunda ya jasho lake bila malipo. Sasa warithi wa wapenzi wale waliilaumu kwa lawama ile ile kampuni aliyoianzisha, na wengi wao walijikuta wakiitetea haki miliki ambayo walimu wao waliidhihaki.

Mwezi Novemba 2022 baadhi yao walifungua kesi San Francisco dhidi ya GitHub, Microsoft na OpenAI. Mwaka 2024 hakimu aliyatupa mengi ya madai yao, akayaacha machache, likiwamo la kuvunja masharti ya leseni. Gates alitia sahihi barua yake kwa jina lake mwenyewe. Watunga programu walioshtaki mwaka 2022 walitambulishwa mahakamani kwa majina ya kubuni, wakieleza kwamba walihofia usalama wao.